Mafunzo Niliyopata kwa Herufi 水

Nilikuwa nikinunua simu Hong Kong kwa maduka ya Kariakoo. Pale kwenye jengo la Chungking Mansions utafanya biashara kwa Kiingereza siku nzima, lakini ukifika mtaa wa Apliu, Sham Shui Po, kwenye vibanda vya simu na vipuri, Kikantoni ndicho kinachotawala. Herufi iliyonifungulia mtaa ule ni 水, “seoi”, maji.

1. Shika toni kwanza. Kikantoni kina toni sita. “Seoi” yenye sauti inayopanda ni maji. Ikitamkwa juu bila kuyumba ni 衰, mbaya au mwenye mkosi. Ikiwa ya katikati ni 稅, kodi. Ya chini ni 睡, kulala. Neno lishikwe pamoja na toni yake, kama tunavyoshika nomino na ngeli yake.

2. Maji ni fedha. Sisi tunaoita fedha mpunga hatuna cha kushangaa. 磅水, “pima maji”, ni kulipa. 一嚿水, “donge la maji”, ni dola 100 za Hong Kong. 回水 ni kurudishiwa hela yako, na 水腳, “miguu ya maji”, ni nauli. Wachina wengi huamini maji huvuta mali, na hata mshahara huitwa 薪水, “kuni na maji”. Ila chunga: 磅水 ni lugha ya mtaani, tena kavu. Mzee mwenye duka haambiwi hivyo. Kwake sema 俾錢, toa pesa, basi.

3. Hili ndilo la kulizingatia zaidi ukiwa mnunuzi. Kibandani utaona simu za aina moja zina bei mbili. Moja imeandikwa 行貨, mzigo wa wakala rasmi wenye dhamana yake. Nyingine ni 水貨, “mzigo wa maji”, nayo ni ya bei nafuu. Wengi wetu hudhani 水貨 ni feki. Sivyo: ni mali halisi iliyopita njia nyingine, nje ya wakala. Uliza dhamana inatoka kwa nani kabla hujahesabu noti. Wabebaji wa mizigo hiyo mpakani na Shenzhen huitwa 水客, “wageni wa maji”, na kituo chao kikubwa ni Sheung Shui. Walibeba maziwa ya unga ya watoto wachanga hadi yakaadimika katika maduka ya Hong Kong, na tangu tarehe 1 Machi 2013 serikali ikaweka kikomo: kilo 1.8 kwa msafiri, kama makopo mawili.

4. 吹水, “kupuliza maji”, ni kupiga soga, na pengine kutia chumvi. 睇水, “kutazama maji”, ni kazi ya yule anayesimama kona kuwaangalizia wenzake kama askari wanakuja.

5. Herufi moja husifu na kuponda. Kitu hafifu ni 水皮. Kitu cha kujivunia ni 威水. Sikiliza neno zima ndipo ujibu.

6. Tazama vibao. Sham Shui Po ni 深水埗, gati la maji ya kina. Kushoto mwa 深 pana vinukta vitatu, 氵, ambavyo ni 水 iliyofupishwa. Utavikuta kwenye 海 bahari, 湯 supu, 汗 jasho, 油 mafuta, na kwenye 港, bandari, iliyomo katika jina la Hong Kong lenyewe. Si kila mara vitakusaidia, kwa maana 法, sheria, nayo inavyo.