Dhulma haina ng'ambo: Funzo kutoka Ziwa Nyasa

Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Ijumaa, nilikaa barazani na mtoto wa kaka yangu tukitazama habari katika televisheni. Ilikuwa habari ya Marekani: amri za rais, watu wanaokamatwa na kurudishwa makwao, na wengine waliojaa barabarani wakipinga. Kijana akanigeukia akaniuliza: "Baba mdogo, haya ya Wamarekani yanatuhusu nini sisi? Si yao huko ng'ambo?"

Siku ile sikumjibu. Neno lake la "ng'ambo" lilinirudisha mbali, na jibu langu, ndugu msomaji, haliwezi kuanzia Washington. Linaanzia Mbamba Bay.

Mimi ni mtu wa ufukwe wa Ziwa Nyasa, upande ule wa Mkoa wa Ruvuma ambao zamani ulikuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga na tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Nyasa. Ukishuka kutoka milima ya Wamatengo na mashamba yao ya kahawa, unalikuta ziwa limelala mbele yako. Ng'ambo yake ni Nkhata Bay, Malawi. Watu wa pande mbili hizi wameoana, wanasikilizana lugha, na wote hula ugali wa muhogo kwa usipa. Mpaka waliuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, wala hawakumuuliza mvuvi yeyote.

Utotoni mwangu, miaka ya sabini, baba yangu alikuwa na rafiki aliyekuja kutoka upande wa pili kwa biashara ya samaki wakavu. Mtu mcheshi, lakini akitajiwa rais wa nchi yake alinyamaza ghafla kama aliyezibwa mdomo. Katika mfuko wa shati alikuwa na kadi ya chama tawala, ameifunga katika nailoni isilowe maji. Siku moja baba alimwambia, "Sema tu, huku ni Tanzania." Akajibu, "Kesho narudi."

Sisi watoto tulimcheka. Na wakubwa walisema, "Hayo ni ya ng'ambo, hayatuhusu." Nilichelewa sana kuelewa kwamba yule mtu alikuwa ananipa somo la siasa kubwa kuliko yote niliyoyasoma baadaye.

Udhalimu ulivyoanza

Malawi ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964 chini ya Dk. Hastings Kamuzu Banda. Chama cha Malawi Congress hakukiasisi yeye. Mwaka 1959, Banda akiwa kizuizini, kiliundwa na kuongozwa na mwanasheria Orton Chirwa, na Banda alipotoka mwaka 1960 Chirwa akamkabidhi. Vijana wale walidhani wanahitaji mzee mwenye heshima awaunganishe watu. Wakamjenga kwa nyimbo na sifa mpaka akawa hakosolewi.

Haikupita miezi miwili baada ya uhuru, mawaziri wake wakamhoji: kwa nini mgonjwa alipishwe hospitalini, kwa nini nafasi za Waafrika zinacheleweshwa, kwa nini urafiki na Wareno waliokuwa wakiitawala Msumbiji? Septemba 1964 akawafukuza baadhi yao, na wengine wakajiuzulu kwa kuwaunga mkono wenzao. Wengi wao walikimbilia kwetu Tanzania: Chirwa na mkewe Vera, Henry Chipembere, Yatuta Chisiza, na Kanyama Chiume, mzaliwa wa Usisya katika wilaya ile ile ya Nkhata Bay tunayotazamana nayo. Chiume alisoma Tanganyika tangu utoto, na aliijua lugha yetu hata akaandika riwaya kwa Kiswahili.

Mwaka 1971 Banda akatangazwa rais wa maisha. Kila mtu akatakiwa kuwa na kadi ya chama. Vijana wa chama walisimama sokoni na kwenye vituo vya mabasi. Huna kadi, hununui wala husafiri. Banda alitamba hadharani kwamba wapinzani wake watakuwa chakula cha mamba.

Hebu tujiulize: mtu mmoja anawezaje kuitisha nchi nzima? Hawezi. Banda hakuwahi kusimama katika kituo cha basi kukagua kadi. Aliyesimama pale ni kijana wa mtaani, mtoto wa fulani anayejulikana. Aliyefungua barua za watu ni karani wa posta. Udhalimu wa mkubwa hutembea kwa miguu ya wadogo.

Walipoguswa wasio wetu

Kulikuwa na kundi moja lililokataa kununua kadi: Mashahidi wa Yehova. Imani yao inawakataza kujiunga na chama cha siasa. Mwaka 1967 walipigwa marufuku, na mwaka 1972 walishambuliwa vijijini. Walipigwa, wanawake walinajisiwa, nyumba zilichomwa, na maelfu wakakimbilia Zambia na Msumbiji.

Ni nani aliyesimama kuwatetea? Sauti ya pamoja haikusikika misikitini wala makanisani. Wengi waliona ni kikundi kidogo, chenye imani ya ajabu, kinachojitakia. Lakini kijana aliyejifunza kuchoma nyumba ya Shahidi wa Yehova hakusahau kazi hiyo alipotumwa kwa jirani mwingine.

Wala waliokuwa karibu na meza ya mtawala hawakusalimika. Albert Muwalo alikuwa katibu mkuu wa chama na mmoja wa walioogopwa mno. Mwaka 1977 alihukumiwa kwa uhaini katika mahakama zilizoitwa za jadi, akanyongwa. Mei 1983 wanasiasa wanne wakubwa, Dick Matenje, Aaron Gadama, Twaibu Sangala na David Chiwanga, ilitangazwa wamekufa kwa ajali ya gari huko Mwanza, wilaya ya kusini mwa Malawi. Baada ya Banda kuondoka madarakani, tume ya uchunguzi ilisema waliuawa na polisi.

Na Chirwa, aliyekijenga chama? Mkesha wa Krismasi mwaka 1981 yeye na Vera walitekwa mpakani mwa Zambia. Walihukumiwa kifo bila wakili, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Orton alifia gereza la Zomba Oktoba 1992. Vera aliachiwa Januari 1993, wala hakuruhusiwa kumzika mumewe.

Barua iliyosomwa siku moja

Ukuta ule ulianza kupasuka kwa karatasi. Jumapili ya tarehe 8 Machi 1992 maaskofu saba wa Kikatoliki walitoa waraka uliosomwa siku moja katika makanisa yao yote nchini. Ulitaja yale yaliyojulikana na kila mtu lakini hayasemwi: umaskini, shule na hospitali mbovu, watu kufungwa bila haki, hofu ya kusema. Serikali ikatangaza kuwa kuwa nao ni kosa, maaskofu wakahojiwa na polisi. Lakini neno lilikwisha kutoka, tena kwa vinywa vingi kwa wakati mmoja, na huwezi kuvifunga vyote.

Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana. Aprili, Chakufwa Chihana, kiongozi wa wafanyakazi, alirudi nchini akijua atakamatwa, na akakamatwa uwanja wa ndege. Mei, wafanyakazi wa Blantyre wakagoma na watu kadhaa wakauawa kwa risasi. Mwaka huo huo ikaundwa kamati ya pamoja ya kuzungumza na serikali. Ndani yake walikuwamo Wakatoliki, Waprotestanti, wanasheria, na Chama cha Waislamu cha Malawi. Tarehe 14 Juni 1993 wananchi walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 60 wakaukataa mfumo wa chama kimoja.

Nalisema hili katika gazeti la Waislamu kwa makusudi. Waraka haukutoka msikitini, lakini Waislamu hawakusema "hayo ni ya kanisa." Haki haikaguliwi kadi ya dini.

Mtihani wangu mwenyewe

Mei 1994 Bakili Muluzi, Mwislamu, alimshinda Banda katika uchaguzi. Nakumbuka furaha yangu. Aliwaachia wafungwa wa kisiasa na kulifunga gereza la kutisha la Mikuyu. Niliona dhulma imekwisha na mwenzetu ameshika usukani.

Lakini mwaka 2002 ulipowadia, wafuasi wake walitaka katiba ibadilishwe ili agombee bila kikomo. Muluzi akapiga marufuku maandamano yanayohusu suala hilo. Makanisa na wanasheria wakapinga. Tarehe 4 Julai 2002 muswada ule ukashindwa bungeni kwa kupungukiwa kura 3 tu.

Nakiri mbele yako, ndugu msomaji: nilimtafutia udhuru. Nilisema wanaompinga wana chuki na Uislamu. Nilikuwa nimesahau aya ya 135 ya Surat An-Nisaa, inayotuamuru kuisimamia haki hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Nilikuwa nimebeba kadi ya nailoni moyoni mwangu, ila yangu iliandikwa "mwenzetu."

Tusijione wasafi pia kama nchi. Tanzania iliwapokea wakimbizi wa Banda, na hilo ni jambo la heshima. Lakini sisi nasi tulikuwa na sheria ya mwaka 1962 iliyomruhusu rais kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na wengi waliipigia makofi kwa kuwa haikuwagusa.

Turudi Marekani

Sasa namjibu mtoto wa kaka yangu. Tarehe 27 Januari 2017 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuwazuia kuingia Marekani raia wa nchi saba zenye Waislamu wengi, zikiwemo Somalia na Sudan. Usiku uliofuata watu walijaa viwanja vya ndege kupinga. Wanasheria walikaa sakafuni na kompyuta zao wakiandika maombi kwa mahakimu. Wengi wao hawakuwa Waislamu, wala waliozuiliwa hawakuwa jamaa zao. Wangeweza kusema hayo ni ya ng'ambo.

Hawakushinda moja kwa moja. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliipitisha amri ya namna hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4. Rais Joe Biden aliifuta Januari 2021, na Juni 2025 Trump, amerudi madarakani, akaweka nyingine yenye nchi 12. Malawi nako kazi haikuisha mwaka 1994 wala 2002. Mwaka 2020 mahakama yao ililazimika kufuta uchaguzi wa rais wa 2019, uliokuwa na fomu za matokeo zilizofutwafutwa kwa wino mweupe.

Basi yapo mambo matatu ya kujifunza. Kwanza, usimkabidhi mtu mmoja chombo ambacho huwezi kumnyang'anya, hata kama leo unampenda. Pili, mtazame anayeonewa kwanza, yule asiye na mtetezi, maana kwake ndiko dhulma inakojifunzia kazi. Tatu, kataa kuwa mguu wa dhalimu: hakimu, askari, karani, mwandishi na mwenyekiti wa mtaa, kila mmoja ana kadi anayotumwa kuikagua.

Rafiki wa baba yangu alikwisha kufariki. Sikumuomba radhi kwa kile kicheko. Mwenyezi Mungu anajua kwamba siku ile ufukweni aliyekuwa na hofu alikuwa na sababu, na sisi tuliocheka ndio hatukuwa nayo.

Wabillahi tawfiq.