Daftari la Mtazamaji: Siku Moja katika Hifadhi ya Ziwa Manyara

Mtoto wa Nambis akipotewa na ng'ombe malishoni, hasemi, "Nimepotewa na ng'ombe," akanyamaza. Husema, "Ni yule mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni, ambaye pembe yake ya kushoto imepinda." Awajua wote kwa alama zao, kwa kuwa huwatazama kila siku, tena ana haja ya kuwajua. Katika somo hili tutaona ya kuwa elimu hiyo ya mchungaji ndiyo mwanzo wa elimu ya wanyama wa porini.

Wakati mmoja wa kiangazi nilifuatana na wanafunzi kumi na wawili, wavulana saba na wasichana watano, kwenda Hifadhi ya Ziwa Manyara. Tuliondoka Nambis asubuhi, baridi ya milimani ingali kali. Motokaa yetu ilipita mji wa Mbulu, kisha Karatu, hata tukafika ukingoni mwa Bonde la Ufa. Pale nchi hukatika ghafula kama ukuta, na chini yake tuliliona ziwa liking'aa kama bati jipya. Tukateremka mpaka Mto wa Mbu, tukapiga hema zetu kambini chini ya miti mikubwa.

Usiku ule tuliota moto. Komba walilia mitini kama watoto wachanga, na kwa mbali fisi akalia; huyo hapana aliyeuliza jina lake, maana twamjua tangu kwetu. Ndipo nikawagawia madaftari na kalamu za risasi, nikasema, "Kesho kila mtu ataandika mambo matatu: saa, mahali, na kile alichokiona. Asiandike aliyoyasikia kwa mwenzake, wala asiandike aliyoyatamani."

Mvulana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, na simba wanaopanda miti, tutawaona?" Simba hao ndio sifa kubwa ya Manyara, na kijana huyu alikuwa amemwahidi mdogo wake kwamba atarudi na habari zao. Nikamjibu, "Tukiwaona, tutaandika."

Kulipopambazuka, kabla hatujanywa chai, nyani mkubwa alishuka mtini, akanyakua mkate mzima, akaketi juu ya jiwe kuula huku akitutazama. Huyo ndiye aliyeandikwa wa kwanza katika madaftari yote.

Tulipoingia hifadhini, wanafunzi walishangaa kuona msitu mnene na mibichi wakati ambapo nchi ya jirani ni kavu. Sababu yake ni hii: mvua inyeshayo nyanda za juu huzama katika mawe, hupita chini kwa chini, kisha hububujika kuwa chemchemi pale mguuni pa ukuta wa bonde. Kwa hiyo miti ile haingoji mvua peke yake. Katika msitu huo tuliwaona kima wakirukaruka, na hondohondo wenye midomo mikubwa. Ndege huyu ana desturi ya ajabu: jike hujifungia katika tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo hata ukabaki ufa mwembamba, na dume humletea chakula akimpitishia katika ufa huo.

Ilipata saa tatu tulipokutana na tembo. Mlinzi wa hifadhi aliyetuongoza alizima motokaa, akatuonya kwa kidole tunyamaze. Akanong'ona, "Macho ya tembo si makali sana, lakini pua yake hushinda zetu zote. Sasa upepo watoka kwao kuja kwetu. Tukae kimya, wala mtu asishuke." Tukakaa. Mama mkubwa alitangulia, na wengine wakamfuata, kwa maana kundi la tembo huongozwa na jike mzee. Madume wakishakua hutoka na kujitenga.

Tulipohesabu, mmoja alisema tisa, mwingine kumi. Hata walipovuka njia mbele yetu, watoto wawili wa tembo wakatokea katika majani marefu, nasi tukaona wazi kwamba walikuwa kumi na mmoja. Wanafunzi wakasahihisha madaftari yao. Msichana mmoja hakusema neno muda wote ule, bali alichora. Nilipotazama, naliona amechora sikio la yule mama mkubwa: tundu la mviringo karibu na ncha, na mpasuko mmoja pembeni. Akasema, "Nikimwona tena, nitamjua, kama nimjuavyo ng'ombe wetu."

Binti huyu alifanya kazi ya mtaalamu pasipo kujua. Katikati ya miaka ya 1960 kijana mmoja wa Uingereza, jina lake Iain Douglas-Hamilton, alikaa Manyara hii hii akiwachunguza tembo. Alitazama masikio na pembe zao, akapiga picha, akaandika, hata akawajua mamia ya tembo mmoja mmoja. Mwaka wa 1975 yeye na mkewe Oria walitoa kitabu juu ya maisha yao kati ya tembo hao.

Kazi hiyo ilikuwa na faida gani? Sikilizeni. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliua tembo wengi mno katika Afrika kwa ajili ya pembe zao. Wako waliosema tembo wangali wengi, hapana shida. Lakini watu waliokuwa wakihesabu, Douglas-Hamilton akiwa mmoja wao, walionyesha kwa hesabu zao jinsi tembo walivyokuwa wakipungua. Mwaka wa 1989 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoomba biashara ya pembe kati ya mataifa ikatazwe, na mwaka uo huo mataifa yakakubali. Kama madaftari ya wale watazamaji yangalijaa uongo, nani angaliwasadiki?

Adhuhuri tulifika ziwani. Maji yake yana magadi, kwa kuwa mito huingia lakini hapana unaotoka. Jua huyakausha maji na kuyaacha magadi. Tuliwaona viboko wamelala bwawani kama mawe meusi, na heroe wekundu wakichuja maji kwa midomo yao iliyopinda.

Ilipokuwa saa tisa, katika miti ya migunga, yule mvulana aliruka akapiga kelele, "Simba! Simba mtini!" Wote wakatazama. Juu ya tawi nene kulikuwa na kitu cha rangi ya manjano kimejilaza. Kalamu zikakimbia. Mlinzi akatwaa darubini, akatazama, akampa mvulana bila kusema lolote. Mvulana akatazama kwa muda mrefu. Lilikuwa tawi lililokauka, limebambuka maganda, na rundo la majani makavu limenasa kandokando yake. Simba hatukumwona siku ile.

Jioni, motoni, kila mmoja alisoma daftari lake. Zamu ya mvulana ilipofika, alisoma vema mpaka saa tisa, kisha akanyamaza. Wenzake wakangoja. Ndipo akasema, "Mwalimu, niliandika, 'Simba mmoja dume, ana manyoya marefu shingoni.' Manyoya yale niliyaandika kabla sijayaona. Nimepiga mstari, nikaandika chini yake, 'Tawi kavu.'" Wengine walitaka kucheka, lakini watatu wakainamisha nyuso zao, wakafungua madaftari yao wenyewe, wakapiga mstari.

Nikawaambia, "Macho ya mwenye kutamani huona haraka kuliko macho yake mwenyewe. Jambo hilo humpata kila mtu, hata mtaalamu. Asiyefaa ni yule akataaye kupiga mstari."

Tuliporudi Nambis, mdogo wake alitukimbilia njiani akiuliza, "Simba alikuwa mkubwa namna gani?" Kijana akajibu, "Simba hatukumwona." Mtoto akasikitika sana, karibu alie. Kaka yake akamketisha, akamwonyesha nyani mwizi wa mkate, na tembo kumi na mmoja, na mama yao mwenye tundu sikioni. Tangu siku ile mtoto huyo huuliza mara kwa mara habari za tembo yule, naye husadiki kila alichoambiwa na kaka yake.

Maswali

1. Kwa nini msitu wa Manyara hubaki mbichi wakati wa kiangazi?
2. Mlinzi aliangalia upepo kwa sababu gani?
3. Iain Douglas-Hamilton aliwatambuaje tembo? Mchungaji huwatambuaje ng'ombe wake?
4. Hesabu za kweli zilisaidia nini mwaka wa 1989?
5. Kwa siku tatu mtazame ndege mmoja aishiye karibu na kwenu. Andika saa, mahali, na kile ulichokiona tu.