SOMO LETU: TUSAIDIANE KUFAILI RITANI



Juni ikifika, saiba za hapa Komarock hujaa watu. Mwenye pini ya KRA anatakiwa kufaili ritani ya mwaka uliopita kabla ya tarehe 30 Juni kwisha. Akichelewa, faini ni shilingi 2,000, au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa ikiwa hiyo ndiyo kubwa.

Mama mmoja wa kikundi chetu aliingia saiba mkono mtupu. Kijana akamwuliza, "Sifuri?" Naye akaitikia ndiyo, maana wakati huo hakuwa na kazi. Kumbe mwaka ule wa ritani alikuwa ameajiriwa kiwandani miezi minne, na mwajiri alimkata kodi akaipeleka KRA kwa pini yake. Baadaye akaomba cheti cha kodi ili apeleke maombi ya kazi. Hakukipata mpaka arekebishe. Tulikaa naye jioni mbili, na siku ya mwisho ya maombi ikampita.

Ritani ya sifuri ni ya mtu ambaye mwaka mzima hakupata mapato yoyote. Na wewe uliyekatwa kodi na mwajiri, usiseme umemaliza. Mwombe fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na kodi ya kila mwezi, ujazie ritani kutoka hapo. Kodi uliyokatwa huhesabiwa, kwa hivyo mara nyingi hudaiwi kitu tena.

Huko Marekani kazi hii hufanywa bure na watu wa kujitolea. Mpango wao, VITA, ulianza California mwaka 1971. Anayejaza ritani hufanya mtihani kwanza, kisha mtu wa pili huikagua kabla haijatumwa. Hapo kwa mtu wa pili ndipo mimi nilipopapenda.

Nasi tunao vijana waliosoma uhasibu, wamekaa tu nyumbani. Chagueni wawili, waende kwanza kwa maofisa wa KRA kwenye kituo cha Huduma kule Makadara, waulize yote. Kisha waketi nanyi Jumamosi za Mei, kabla mtandao haujalemewa. Lakini neno la siri uliandike wewe mwenyewe. Ritani ikikosewa, KRA itakutafuta wewe, sio kijana. Na usiondoke bila risiti.

Tujadiliane kikundini:

1. Nani kati yetu alifailiwa sifuri na mwaka huo alikuwa na mapato?

2. Neno lako la siri, sasa hivi liko kwa nani?