Kufundisha Vichocheo kwa Kiazi cha Shambani na Nikeli ya Ngara

Walimu wanachuo wengi huiogopa mada ya vichocheo kwa kuwa shule nyingi za msingi hazina maabara. Hofu hiyo yaweza kuondolewa. Kichocheo ni kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kumalizika katika badiliko hilo. Yafaa mwanafunzi aone jambo hili kwa macho kabla ya kuliandika daftarini.

Vifaa: Glasi tatu, kipande cha kiazi mviringo kibichi, kipande kingine cha ukubwa uleule kilichochemshwa kikapoa, na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ambayo huuzwa katika maduka ya dawa. Mwalimu mwenyewe ndiye amiminaye dawa, watoto wasiiguse.

Njia: Mimina dawa kwa kiasi sawa katika glasi zote. Ya kwanza iache peke yake. Katika ya pili tia kiazi kibichi. Katika ya tatu tia kilichochemshwa. Kabla ya kutia, watake wanafunzi wabashiri. Mapovu mengi yatatokea katika glasi ya pili, kwa sababu dawa inavunjika kuwa maji na oksijeni. Katika ya kwanza badiliko hilohilo linaendelea, ila polepole mno lisionekane. Katika ya tatu mapovu ni haba au hayapo, kwani moto umekiharibu kimeng'enya, yaani kichocheo kilichomo katika kiumbe hai. Mapovu yakiisha, mwaga maji yaliyobaki, kisha ongeza dawa mpya juu ya kiazi kilekile kibichi. Mapovu yatarudi. Hapo uliza: kama kiazi kingetumika na kwisha, mapovu haya mapya yangetoka wapi?

Tahadhari: Usiwaambie wanafunzi kuwa kichocheo huongeza oksijeni. Kiasi cha oksijeni hutegemea dawa iliyomo. Kichocheo huharakisha tu.

Kutoka darasani hadi Kabanga: Katika Wilaya ya Ngara, karibu na mpaka wa Burundi, ipo hazina kubwa ya nikeli. Paul Sabatier, Mfaransa aliyepata udaktari wa sayansi mwaka 1880, aligundua pamoja na Jean-Baptiste Senderens, mwaka 1897, kuwa nikeli huiwezesha haidrojeni kuungana na gesi ya ethilini. Mwaka 1912 Sabatier alipewa Tuzo ya Nobel. Mjerumani Wilhelm Normann aliitumia njia hiyo kugandisha mafuta ya maji, akapata hataza mwaka 1902. Ndiyo asili ya majarini nyingi zilizouzwa madukani.

Hata hivyo, mwanafunzi asidhani kuwa jiwe la Kabanga laweza kufanya kazi hiyo. Nikeli yake imeshikamana na salfa, na salfa ndiyo huua nguvu ya nikeli kama kichocheo. Lazima isafishwe kwanza, na kazi hiyo yataka wanakemia. Elimu hiyo nayo haikui kwa mtu mmoja: mwaka 1984 wanakemia wa Afrika Mashariki na Kati walianzisha mtandao wa NAPRECA, unaoshughulikia kemia ya mimea na viumbe, ili wasaidiane katika utafiti na mafunzo.

Mtoto wa Ngara asiyefundishwa hayo atayaona madini yakipita barabarani kwenye malori, asijue thamani yake huongezwa wapi. Kwa hiyo mwalimu asiliahirishe somo hili kwa kungoja maabara.

Zoezi: Andaa jaribio la kulinganisha kiazi kilichokatwa vipande vidogo na kizima. Eleza matokeo, kisha mwandikie mhitimu mwenzako aliye shule nyingine mlinganishe.