Je, Daktari Amsaidie Mgonjwa Kufa?



Wanaochunguza Uislamu huuliza mara kwa mara: ikiwa Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa Rehema, kwa nini amkataze mgonjwa asiye na tumaini la kupona kuomba dawa ya kukatisha uhai wake? Swali hili halistahili kujibiwa kwa ukali. Pengine mwenye kuliuliza amepata kukesha kando ya kitanda cha mzazi wake.

Katika jimbo la Oregon, Marekani, wananchi waliikubali sheria ya namna hiyo kwa kura mwaka 1994, nayo ikaanza kutumika mwaka 1997. Mgonjwa sharti awe mtu mzima mwenye akili timamu, na madaktari wawili wathibitishe kwamba hatazamiwi kuishi zaidi ya miezi sita. Daktari huandika dawa, mgonjwa huinywa mwenyewe. Nchini Uholanzi, ambako sheria ilianza kutumika mwaka 2002, daktari aweza hata kumchoma sindano ya kumwua. Watetezi wa sheria hizi hutaja mambo mawili: huruma, na haki ya mtu juu ya mwili wake.

Tuanze na huruma. Kila mwaka serikali ya Oregon hutangaza sababu ambazo wagonjwa hao waliwaeleza madaktari wao. Ungedhani maumivu ndiyo yanayoongoza. Sivyo! Zinazotangulia ni kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo, kushindwa kufanya yaliyowafurahisha, na kuona heshima yao imeondoka. Wengi pia huogopa kuwa mzigo kwa jamaa zao. Maumivu, au hofu ya maumivu, hutajwa na wachache zaidi. Basi mgonjwa anayejiona mzigo, ni nani aliyemfanya ajione hivyo? Sheria humwambia kwamba yu huru kuchagua. Lakini mzee aliyekwisha kuwasikia wanawe wakihesabu gharama zake sebuleni, atachagua kwa uhuru gani?

Ama kuhusu haki juu ya mwili, Uislamu wafundisha kwamba uhai ni amana. Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, yakataza watu wasijiue, na papo hapo yataja rehema ya Mungu kwao. Tazama, katazo na rehema vimewekwa pamoja. Tena katika Hadithi zilizokusanywa na Imamu Bukhari, Mtume Mtukufu (s.a.w.) alisimulia habari za mtu wa kale aliyekuwa na jeraha. Akakosa subira, akatwaa kisu akajikata mkono, damu isikome mpaka akafa. Mungu akachukizwa kwamba mja wake ameharakisha nafsi yake. Mtu yule hakuwa mzima aliyechoka na dunia, alikuwa mgonjwa. (Lakini kumhukumu fulani aliyejiua akiwa amevurugwa na mateso si kazi yetu, hayo ni ya Mungu.)

Hata hivyo, wengine huchanganya mambo. Kuacha matibabu yasiyofaa tena, yanayorefusha kufa tu, si kujiua. Wala mofini, ikitolewa kwa kipimo cha daktari ili kutuliza maumivu, si ulevi, wala si kumwua mgonjwa. Nimewaona waongofu wapya wakiwanyima wazee wao dawa hiyo kwa kudhani ni haramu, na hilo ni kosa la kusikitisha.

Mwaka 1967 Dkt. Cicely Saunders alifungua mjini London nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, St Christopher's. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa huyo ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho pia, na kwamba dawa itolewe kwa saa zake, si kungoja mpaka alie. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Dkt. Anne Merriman alianzisha kazi kama hiyo Uganda mwaka 1993, kwa mofini ya unga iliyochanganywa na maji, ambayo mgonjwa hunywa nyumbani kwake. Tangu mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa kazi hiyo nchini humo wameruhusiwa kuiandika wenyewe, kwa kuwa vijijini madaktari ni wachache. Kwa hiyo, ndugu, ukiwa na mgonjwa asiyelala usiku kwa maumivu, nenda hospitali kaulize habari za dawa hiyo. Na urudipo, usimwache peke yake chumbani.