Namna ya Kupiga Picha Mlima Kenya Wakati wa Alfajiri

Mtu akaaye Nanyuki huutazama Mlima Kenya kila siku, lakini si kila siku auonapo. Alfajiri kilele cha Batian, chenye kimo cha mita 5,199, aghalabu huwa wazi. Ifikapo saa 3 au saa 4 asubuhi mara nyingi mawingu yamekwisha kukifunika. Jua huchomoza karibu saa 12 na nusu mwaka mzima, na weupe wa alfajiri katika Ikweta haukawii. Atakaye picha njema hana budi kuwa tayari nusu saa kabla ya jua. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Kwanza, achague mahali. Nanyuki ipo kaskazini-magharibi ya mlima, yapata kilomita 30 kutoka vileleni. Kwa hiyo jua huchomoza upande wa mlima, na mlima huonekana mweusi mbele ya anga jekundu. Atakaye kuona miamba na barafu zikiangazwa na jua la kwanza yafaa aende upande wa mashariki, kama vile Chogoria. Popote alipo, asilitazame jua kamwe kupitia lenzi ya kuvuta mbali, maana laweza kumpofusha.

Pili, aijue lenzi yake. Katika kamera ya filamu ya milimita 35, lenzi ya kawaida ya milimita 50 huona upana wa nyuzi 40 hivi. Mlima wote huingia, lakini vilele huwa vidogo kama vichuguu. Lenzi ya milimita 200 huvileta vilele karibu, ila huona nyuzi 10 tu. Dawa yake ni kupiga picha nyingi zinazofuatana, kisha kuziunga ziwe picha moja ndefu.

Tatu, kamera isitikisike. Lenzi ikuzayo mlima hukuza na mtikisiko pia. Kamera iwekwe juu ya miguu mitatu iliyosimamishwa sawasawa, isiinamie upande, ili mstari wa picha usipande wala kushuka. Asiibonyeze kwa kidole, bali atumie waya wa kufyatulia au saa ya kamera yenyewe.

Nne, vipimo vyote viwe vilevile tangu picha ya kwanza hata ya mwisho. Mwanga upimwe mara moja, penye anga ling'aalo, kisha tundu la lenzi na kasi visiguswe tena. Umbali nao urekebishwe kwa mkono juu ya ukingo wa mlima, ukaachwa hapo. Kamera ikiachwa ijipimie yenyewe, picha moja itakuwa nyeupe na ya pili nyeusi, na maungio yataonekana kama viraka katika kanzu.

Tano, kila picha ipishane na mwenzake kwa theluthi moja. Kamera ikisimamishwa wima, lenzi ya milimita 200 huona upana wa nyuzi 7 hivi. Basi picha 9 zatosha kwa nyuzi 40. Aanze kushoto, amalize kulia, na zote zipigwe kwa dakika moja au mbili, maana rangi ya anga hugeuka upesi.

Zamani picha hizo zilikatwa kwa wembe na kubandikwa juu ya ubao. Siku hizi kompyuta huziunga. Lakini kompyuta haiwezi kurudisha kipande kilichosahauliwa.

Kazi hii si ya pambo tu. Safari ya Halford Mackinder, aliyefika kileleni mwaka 1899, ilileta picha za mlima, na picha za namna hiyo ndizo zionyeshazo jinsi barafu ilivyopungua. Barafu iitwayo Lewis ilipoteza yapata asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Kwa hiyo mpiga picha aandike tarehe, saa, lenzi na mahali aliposimama, kisha arudi papo hapo mwaka ufuatao. Picha zake zikiwekwa pamoja, watoto watakaozaliwa baadaye watauona mlima kama wazee wao walivyouona.