Sindano moja ya HPV yatosha?

Swali: Binti yangu mdogo amechanjwa mara moja tu shuleni kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Mbona dada yake alichanjwa mara mbili? – Mama, Mwanza

Jibu: Dada alichanjwa kabla utaratibu haujabadilika. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV, hivyo watafiti walijiuliza kama dozi moja ingevizuia.

Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Washington na taasisi ya utafiti wa tiba ya nchi hiyo, KEMRI, waliwafuatilia wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Matokeo ya 2022 yalivutia kweli: baada ya miezi 18, dozi moja ilizuia maambukizi sugu ya aina mbili za virusi hivyo, HPV 16 na 18, kwa asilimia 97.5.

Hapo hapo Mwanza, utafiti wa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 ulionyesha kwamba karibu wote waliopata dozi moja walijenga kingamwili za HPV 16.

Msichana anayeishi na VVU, hata hivyo, huhitaji zaidi ya dozi moja.

Na mama mwenyewe asijisahau: akifika miaka 30 apimwe. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, kisha baada ya dakika moja hivi hutazama kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe.